Maswali ya Wafugaji: Joto Linapowazidi Viwavi wa Hariri

Swali: Nafuga viwavi wa hariri katika banda la mabati. Kundi la mwezi wa Februari liliendelea vizuri hadi lilipojivua ngozi mara ya nne. Baada ya hapo viwavi wakaanza kuyaacha majani, wengine wakatapika maji ya kijani na kufa, na waliosalia wakasuka vifukofuko vyepesi vinavyobonyea kwa kidole. Mchana kipimajoto kilisoma nyuzijoto 33. Mayai niliyapata palepale ninapoyapata siku zote. Tatizo ni nini? (Msomaji, Machakos)

Jibu: Pole sana kwa hasara hiyo. Dalili ulizozieleza zinaelekeza kwenye joto kabla ya kitu kingine chochote. Kiwavi hawezi kulidhibiti joto la mwili wake kama afanyavyo ng'ombe au kuku, kwa hiyo joto la banda ndilo joto lake. Tena, mahitaji yake hushuka kadiri anavyokua: aliyeanguliwa karibuni hustawi katika nyuzijoto 26 hadi 28, ilhali aliye katika hatua ya tano, yaani aliyekwisha kujivua ngozi mara nne, anahitaji 23 au 24 tu. Wafugaji wengi huwafunika wakubwa kwa bidii ileile waliyowafunikia wadogo, nami naona hapo ndipo mavuno mengi yanapopotea.

Hatua hiyo ya tano, ambayo huchukua takriban wiki moja, ndiyo ambayo kiwavi hula zaidi ya robo tatu ya chakula cha maisha yake yote, na ndiyo ambayo tezi zake za hariri hujaa. Joto likipita nyuzijoto 30, hamu ya kula hupungua, vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni hudhoofika, na sehemu ya nguvu ambayo ingetengeneza hariri hutumika kutengeneza protini maalumu ambazo seli huzizalisha ili kujikinga na joto. Kinga ya mwili nayo hushuka, hivyo bakteria waliokuwa tumboni bila kuleta madhara makubwa huongezeka hadi kiwavi akaharisha, akatapika na kulegea. Anayenusurika husuka akiwa na tezi zisizojaa, na ndiyo sababu ya kifukofuko kubonyea.

Anza na paa. Bati lisilo na dari hulishusha joto lote juu ya chano, kwa hiyo liezeke nyasi juu yake, au weka dari ya mikeka, na uache matundu ya hewa chini na juu ya kuta, yakiwa yamezibwa kwa wavu ili nzi na wadudu wengine wasipite. Kwa kuwa hewa ya Machakos mwezi wa Februari ni kavu, kumwagia sakafu maji na kutundika magunia yaliyoloweshwa madirishani kutasaidia. Punguza pia msongamano, kwa maana viwavi wakubwa waliobanana hupandisha joto la kitanda chao wenyewe. Majani ya mforosadi yachumwe alfajiri na yahifadhiwe chini ya gunia bichi. Kiwavi hanywi maji, unyevu wake wote hutoka kwenye jani, na jani lililonyauka humnyima chakula na maji kwa pamoja. Mlo mkubwa uwe wa jioni na wa usiku.

Kuhusu mbegu, yaani mayai ya kufugia, aina zenye uzi mrefu na mzuri ndizo zisizolistahimili joto, na zile za nchi za joto huvumilia lakini uzi wake ni mfupi. Watafiti wa Mysore, India, walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuzalisha chotara kama CSR18 × CSR19. Kwako, kabla ya kuagiza mayai ya msimu wa joto, ulizia kituo cha utafiti wa hariri kilichoko Thika ni aina gani inayofaa eneo lako.

Swali: Nilishauriwa kumwaga maji sakafuni ili kupoza banda. Tangu nianze, masalia ya majani yanaoza na viwavi wanageuka weusi, laini na wenye kunuka. (Msomaji, Muheza)

Jibu: Acha mara moja. Ushauri huo ni wa mahali pakavu. Katika joto lenye unyevu mwingi kiwavi hushindwa kupoteza maji kupitia vitundu vyake vya kupumulia, na masalia yaliyolowa huchacha, hutoa gesi kali ya amonia na kulea bakteria. Viwavi wakubwa wanataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70. Ondoa masalia kila siku, nyunyiza chokaa kavu wakati viwavi wamelala kujivua ngozi, kisha ruhusu hewa ipite bila kizuizi. Waliokufa wachomwe au wafukiwe mbali na banda, nawe unawe mikono kabla ya kugusa majani.

Swali: Nondo wangu walitaga vizuri, lakini mayai hayakuanguliwa. Vifukofuko nilivihifadhi katika stoo yenye joto kali. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Inawezekana stoo ndiyo chanzo. Pupa (mdudu aliye ndani ya kifukofuko akigeuka kuwa nondo) wa kiume anayekaa siku kadhaa katika nyuzijoto zaidi ya 32 hutoka nondo anayeonekana mzima na anayepanda jike kama kawaida, ila mbegu zake haziwezi kurutubisha. Yatazame mayai siku 3 baada ya kutagwa. Yaliyobaki ya manjano na baadaye yakabonyea katikati hayakurutubishwa. Yakiwa yamegeuka rangi ya kijivu iliyokoza, basi yamerutubishwa na yamelala tu, kama ilivyo desturi ya aina zinazozaa mara mbili kwa mwaka, na yanahitaji kuwekwa kwenye baridi kabla ya kuanguliwa, hayo usiyatupe.