Mdadisi aliandika nini kunihusu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina gereji Nyakato, Mwanza. Injini za dizeli ndiyo kazi yangu, mwaka wa 19 huu. Shule niliishia darasa la saba. Mdogo wangu ana shahada ya uhasibu, anaendesha bodaboda. Mdadisi wa takwimu alipopita kwetu aliuliza elimu, akauliza kazi, akaandika, akaaga. Baadaye mwanafunzi mmoja wa chuo akaniambia kwamba kwa hesabu zao mimi sina elimu ya kutosha kwa kazi yangu. Vijana wenye vyeti wanakuja kwangu kujifunza kufumua injini! Haitoshi kwa nani?
Fundi wa Nyakato

JIBU: Marahaba mwanangu. Dodoso hilo nimelibeba mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na swali lako nimeulizwa uso kwa uso.

Kazi uliyoitaja hugeuzwa namba. Katika mpangilio wa Shirika la Kazi Duniani wa 2008, fundi magari ni 7231, dereva wa pikipiki ni 8321. Tarakimu ya kwanza ndiyo kundi la kazi, na kundi la 7 na la 8 yote yamewekwa ngazi ya pili ya ujuzi kati ya nne, na ngazi hiyo hulinganishwa na elimu ya sekondari. Wewe wa darasa la saba unaangukia chini ya mstari. Mdogo wako yuko juu yake. Nyote wawili mnahesabiwa kuwa hamlingani na kazi zenu, wakati wewe ujuzi unao ila huna karatasi, na yeye karatasi anayo ila hana kazi inayolingana nayo. Hilo huniuma kila nikisoma majedwali.

Ipo njia nyingine: kukulinganisha na elimu waliyonayo wengi wa kazi yako. Kama mafundi wengi wameishia la saba, ghafla wewe uko sawasawa kabisa! Mtu yuleyule, mikono ileile. Njia hiyo nayo siiamini sana, maana kama fani nzima imepungukiwa, itasema hakuna tatizo.

Wengine huwapa watu mtihani. Benki ya Dunia ilifanya hivyo Kenya mwaka 2013, mijini, ikapima usomaji. Ni bora kuliko kuuliza darasa, lakini hakuna mtihani wa namna hiyo utakaosikiliza injini inavyogonga.

Kwa hiyo nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ulizia urasimishaji ujuzi. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, penye pengo unafundishwa, unapewa cheti. Usione haya kwamba una gereji yako. Waliojifunzia kazini kama wewe ndio hasa waliokusudiwa.

Na mdadisi akirudi, usimwambie "fundi" ukanyamaza. Mwambie unatengeneza pampu na nozeli za dizeli, ulijifunza gereji kwa nani na kwa miaka mingapi, na vijana wangapi wako chini yako. Mdogo wako naye aseme wazi kwamba anatafuta kazi ya uhasibu.