Usimnyang'anye kitabu

Dada wa Mikindani, unauliza kama umnyang'anye binti yako wa miaka 15 ile riwaya ya msichana wa kofia nyekundu, maana humo mbwamwitu anakula watu kwelikweli. Mwache asome. Mfaransa Charles Perrault alipoichapisha hadithi hiyo mwaka 1697, bibi na mjukuu waliliwa, ikaishia hapo. Mwindaji wa kuwaokoa tunamkuta kwa ndugu wawili Wajerumani, akina Grimm, mwaka 1812. Na sisi je? Bibi yangu kule Newala alibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, huku akituimbia kwa sauti nzito ya zimwi lililomeza kijiji. Tulilala tumebanana, kesho yake tunaomba tena! Kaeni barazani msome wote, sura moja moja. Akianza kuweweseka usiku, hamishieni mchana.