Gozi Moja Haionekani

Swali: Nimehamishiwa thieta (chumba cha upasuaji) kutoka wodi ya wazazi. Katika operesheni ya kujifungua tulihesabu gozi kubwa, vitambaa vya kufyonza damu, mwishoni, tukapata tisa badala ya kumi. Daktari alisema huenda pakiti ilitoka na tisa tangu mwanzo, akataka kufunga. Mimi bado mgeni. Nilipaswa kufanya nini?

Jibu: Pole, dada. Unasema kwa sauti, daktari asikie na mtaalamu wa usingizi asikie: "Hesabu haijatimia, gozi moja haipo." Mama akiwa hali yake imetulia, kufunga kunasimama hapo hapo. Daktari anarudisha mkono tumboni: nyuma ya mfuko wa uzazi, kisha pembeni kulia na kushoto. Muuguzi aliyenawa kwa upasuaji anapekua meza na mashuka. Mwenzake wa nje, asiyegusa vifaa safi, anapekua ndoo, sakafu, nyayo za viatu, nguo alizofungiwa mtoto na beseni la kondo la nyuma. Hilo beseni msilipite haraka, kwani gozi iliyolowa hujikunja ikafanana kabisa na bonge la damu. Ndiyo maana pia ndoo na nguo chafu hazitoki thieta kabla hesabu haijafungwa.

Isipopatikana, mwombe daktari aagize eksirei kabla mama hajatoka thieta. Gozi za thieta zina uzi unaoonekana kwenye picha kwa ajili hiyo. Kisha andika kwenye faili: hesabu, mlikotafuta, uliyemwarifu, uamuzi wake.

Ile hoja ya pakiti pungufu inamalizwa kabla ya kisu. Watu wawili wanahesabu pamoja kwa sauti, kila gozi ikitenganishwa na nyingine. Kupekua kona za rundo kama noti hakufai, maana gozi mbili hushikana. Pakiti yenye idadi isiyo sahihi, iwe pungufu au zaidi, iondolewe yote. Msiijazie kutoka nyingine. Inayoongezwa katikati iandikwe ubaoni papo hapo, na gozi isikatwe vipande.

Kwa operesheni ya uzazi mnahesabu mara nne: kabla ya kukata, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, na wakati wa kufunga ngozi. Ya pili ni rahisi kurukwa, kwa sababu damu inatoka na kila mtu ana haraka. Ishikilieni hiyo.

Ugeni usikunyamazishe. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, inamtaka muuguzi athibitishe kwa mdomo hesabu ya vifaa, gozi na sindano. Hiyo ni kazi yako, huombi ruhusa.

Swali: Tepu ya pakiti ya vifaa vya upasuaji ikibadilika rangi, seti iko tayari kutumika?

Jibu: Bado. Tepu inaonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Kama mvuke ulifika ndani haijui. Tazama kipande cha kipimo kilichowekwa katikati ya vifaa. Otoklevu ya kawaida, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inahitaji nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa, na saa inaanza kuhesabiwa joto likishafika, si mnapowasha. Pakiti zikibanana, mvuke haupenyi. Pakiti ikitoka na unyevu, irudishwe: kitambaa chenye maji hupitisha vijidudu kutoka kwenye mikono na rafu.