Mama Mwalimu Anajibu: Siafu wa Bandarini

SWALI: Jambo sana, Mama Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Himbi, Goma. Mwezi uliopita nilipanda boti kwa mara ya kwanza kwenda Bukavu, nikaandika kurasa nne juu ya safari ile. Kaka yangu mkubwa alipozisoma alinirudishia daftari akasema, "Umetuandika kama mgeni." Mama, sikumtukana mtu. Nilitumia tashbihi za "kama", sitiari zinazokiita kitu kwa jina la kingine, na chuku za kutia chumvi, maana shuleni tuliambiwa hayo ni mapambo ya lugha. Msimamo wangu ameuona wapi, nami sikuuandika popote? Nakutumia daftari, nisaidie.

JIBU: Jambo, mwanangu. Daftari nimelisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Kaka yako ameona jambo la kweli, ila hakukuonyesha mahali lilipo. Na aliyekuambia tamathali hizo ni mapambo alikupunja. Kitenge mtu akikivua anabaki yuleyule. Tashbihi ukiivua, msomaji anabaki na picha nyingine kabisa.

Fungua ukurasa wa pili, pale boti inapofunga hapa kwetu Bukavu. Umeandika: "Wabebaji walimiminika kama siafu." Wabebaji wale nimewaona maisha yangu yote. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, na jioni alikuwa anatuhesabia magunia ya makala ya kupikia aliyoyapandisha hadi mtaa wa Kadutu, moja moja, na jina la kila aliyempunja bei. Siafu hana baba mdogo. Siafu habishani bei. Na kweli, katika kurasa zako zote nne hakuna mbebaji hata mmoja anayefungua mdomo, wakati najua bandari ile: hukutoka pale bila kubishana. Sentensi inayofuata inasema, "Mizigo ikashushwa." Na nani? Kitenzi chako kimemfuta mtu ambaye tashbihi ilikuwa imeshampunguza. Nadhani ulikuwa bado juu kwenye boti, umeshika mkoba kifuani, unaogopa umati. Basi andika woga huo. Ni wako, na msomaji atauamini. Ulipousukuma kwao, wewe ukatoweka na wao wakawa wadudu.

Sasa ngeli. Hapa wengi hawaangalii, nami hapa ndipo huwa natafuta kwanza. Umeandika "vijumba vimebandikwa mlimani", na mbele kidogo "kizee kinauza ndizi". Kiswahili hakihitaji sifa ili kumdharau mtu. Kiambishi kimoja kinatosha. Mzee uliyemhamishia ngeli ya KI-VI ameshahukumiwa kabla hujasema amevaa nini. Kama nyumba ni ndogo, sema ina chumba kimoja na wanalala wangapi. Hapo nitaona udogo wake bila kumcheka mwenye nyumba.

Neno "bado" nimelihesabu mara saba. Bado wanapika kwa makala, bado wanabeba kwa mgongo, bado wanavua kwa taa. Takriri, yaani kurudia neno, ni mbinu nzuri, lakini takriri hii inasema kuna watu wamefika na hawa wamechelewa, na hukusema waliofika ni akina nani. Kisha unaongeza chuku: wavuvi "wanavua sambaza tangu dunia kuumbwa". Mwanangu! Sambaza, wale samaki wadogo, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama yangu alikuwa ameshaolewa. Chuku yako imewanyima wavuvi historia yao: samaki mgeni aliyeingia ziwani, na watu waliojifunza kumvua usiku kwa taa.

Si wewe wa kwanza. Mwaka 1890 msafiri Henry Morton Stanley, baada ya kupita msitu wa Ituri, alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linaiita Afrika ya giza kuu. Wambuti waliokuwa wakiishi humo walijua njia zao. Giza lilikuwa la mtu asiyezijua, naye akalivisha bara zima. Mwaka uleule William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, alilichukua jina hilo akaligeuza: akaandika juu ya Uingereza ya giza kuu, njaa na ufukara wa nchi yake mwenyewe. Alitaka kuwaaibisha wenzake walioona giza la mbali tu, na kwa hilo namheshimu. Lakini angalia sitiari inavyofanya kazi: ili aibu hiyo iwachome Waingereza, ilibidi Afrika ibaki gizani palepale Stanley alipoiacha. Majalada hayo hayakuandikwa "Waafrika wako nyuma". Msimamo ulikaa kwenye neno moja la jalada.

Na kile kifungu chako, "Bukavu ni Uswisi ya Afrika", kifute tu. Mimi naona rasi zetu tano kama vidole vya mkono uliochovywa ziwani. Wewe tafuta mfano wako. Ukishasema Uswisi, msomaji haoni tena mteremko unaobomoka mvua ikinyesha.

Ila kuna sentensi moja, ukurasa wa kwanza, nisiyotaka uiguse. Usiku, mkipita kisiwa cha Idjwi, umeandika: "Taa za wavuvi zilikuwa mtaa juu ya maji, nikatamani kubisha hodi." Niliposoma hapo nilisimamisha kalamu. Hiyo pia ni sitiari, na msimamo wako umo wote. Wavuvi wana mtaa, wana milango, na wewe ndiye uliye nje, unayehitaji kukaribishwa. Aliyeandika "siafu" asubuhi ndiye aliyeandika "hodi" usiku, kwa hiyo unaweza.

Andika upya kushuka kwako botini. Mbebaji aseme bei aliyokutajia, nawe useme ulimjibu nini. Ukirudi tena Bukavu, mtafute mmoja wa wale wa bandarini, ukae naye kwenye gunia, umsomee ukurasa huo kabla ya kumsomea kaka yako.