Mishipa ya miguu kuvimba si maradhi ya wazee peke yao

Kwetu Pemba kijana akilalamika miguu inamuuma jioni, jibu ni lile lile: uchovu huo, jichue mafuta ulale. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, kutwa nimesimama mbele ya ubao, na mishipa ya kijani iliyojipinda nyuma ya goti ilinitoka kabla sijatimiza miaka 30. Mama anayo, na bibi alikuwa nayo. Nawaandikia vijana wenzangu wa kazi za kusimama: walimu, wauguzi, wapishi wa mahoteli, wauza maduka. Buibui na suruali huficha mengi, ndiyo maana kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Damu ya mguuni hurudi moyoni kwa kupanda juu, na kinachoizuia isishuke tena ni vali, yaani vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, zilizomo ndani ya vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni. Zikilegea, damu hutuama, mshipa ukatanuka na kujipinda. Aliyezaliwa na wazazi wenye tatizo hili huweza kulipata mapema. Mimba nayo huchangia: damu mwilini huzidi, homoni hulegeza kuta za mishipa, na mtoto tumboni hukandamiza vena za nyonga. Kwa wengi hupungua miezi michache baada ya kujifungua. Uzito mkubwa umo pia. Kukunja nne hakumo, msiwagombeze watoto wa kike kwa hilo.

Nilipokwenda kupimwa, daktari alinisimamisha badala ya kunilaza, kwa sababu ukilala mishipa hunywea. Akanipaka jeli, akaweka kifaa cha altrasaundi pajani, kisha akakibana kigimbi changu na kukiachia. Mashine ikatoa mvumo wa damu ikipanda, halafu mvumo mwengine, mrefu, ikishuka. Ikishuka kwa zaidi ya nusu sekunde, vali za mshipa ule zimeshindwa kazi. Kiulizieni kipimo hiki, maana jicho haliwezi kuona hali ya vena za ndani.

Na hapa nawasihi kwa moyo wote: msikubali kuchuliwa kwa nguvu wala kuumikwa juu ya mishipa hiyo. Najua anayekushauri ni shangazi au jirani anayekupenda. Lakini ngozi pale ni nyembamba, wembe ukipita damu hutoka nyingi, na kama ndani mna damu iliyoganda, kuichua ni hatari.

Kinachonisaidia kila siku ni kukifanyisha kazi kigimbi, kwa kuwa kila kikikaza huisukuma damu juu. Wanafunzi wakiandika, nazunguka madawati. Nikilazimika kusimama pahala pamoja, nanyanyua visigino na kuvishusha. Nikirudi nyumbani nalala chali, miguu juu ya mito, ipite usawa wa moyo. Mwezi wa Ramadhani nafanya hivyo baada ya tarawehe pia.

Soksi maalumu za kubana huvaliwa asubuhi, kabla mguu haujajaa. Usiikunje ile sehemu ya juu, itakukata. Wakati wa kaskazi joto lake si mchezo, nakiri, ila siku niliyozivaa mguu hauwi mzito jioni. Haziondoi mshipa, zinapunguza maumivu na uvimbe. Mwenye kisukari au mzunguko mbaya wa damu miguuni asizivae kabla ya kupimwa na daktari.

Wengine huogopa tiba wakidhani mshipa ukizibwa mguu utakosa damu. Sivyo. Vena hizi ni za juujuu, damu nyingi hupita zile za ndani. Mbovu huzibwa kwa joto la leza au mawimbi ya redio, kwa sindano ya dawa, au huondolewa kwa upasuaji.

Usingoje ngozi ya karibu na kifundo iwe nyeusi, iwashe, au ifanye kidonda kisichopona. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, nenda hospitali siku ile ile. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, ni dharura. Mshipa ukipasuka, lala chini, nyanyua mguu juu, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha upelekwe hospitali.