Maswali ya wenye mashua: mbao kwanza

Nimenunua mashua ya tanga iliyokwishatumika, nayo huvuja kidogo upande wa chini. Fundi ananishauri niivike faibaglasi nje yote. Nikubali? (Msomaji wa Igombe)

Usikubali. Mbao zilizonyonya maji zikivikwa faibaglasi hufungiwa pamoja na unyevu wake; ubao huvimba na kusinyaa ilhali gamba halijongei, hata mwisho vikaachana, na uozo ukaendelea ndani usikoweza kuuona. Majahazi ya Pwani yana adui ambaye sisi hatunaye, mnyoo atoboaye mbao, lakini yana chumvi inayozuia kuvu. Ziwa letu la Victoria ni la maji baridi, na maji ya mvua yanayotuama ndani ya mashua huozesha mbao kuliko hata yale yanayopita nje yake. Ipandishe nchi kavu, iache kivulini ikauke polepole, kisha chokoa kila ubao kwa ncha ya bisibisi, hasa ubao unapokutana na mkuku (uti wa chini wa mashua) na mataruma (mbavu zake). Ncha ikizama bila kusukumwa, ubao huo ubadilishwe. Baada ya hapo ndipo ukalafati mishono yote, yaani uzibe nafasi kati ya mbao, na fundi anayeruka hatua hizi usimlipe.

Rangi gani hudumu zaidi? (Wasomaji watatu, wa Kirumba na Nansio)

Nimekwisha kulijibu mara nyingi: hakuna rangi inayodumu juu ya ubao mbichi.

Nataka kuondoa mashine ya nguvu za farasi 15 niweke ya 40. (Msomaji wa Nyegezi)

Kwa mashua ya tanga, hapana. Mwendo wa chombo kinachokata maji badala ya kuteleza juu yake huwekewa mpaka na urefu wake. Nguvu iliyozidi itadidimiza tezi, yaani nyuma ya mashua, na kumaliza petroli. Fedha hiyo nunulia tanga jipya na jaketi okozi kwa kila abiria, watoto wakiwa na za kimo chao. Baada ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, sioni sababu ya mtu wa ziwa hili kusafiri bila jaketi.

Nafunga sola na betri kwa ajili ya taa. Nizingatie nini? (Msomaji wa Sengerema)

Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na betri ya asidi usiishushe chini ya nusu ya chaji. Taa za kwanza ziwe za kuonekana na vyombo vingine usiku, kabla ya redio na mapambo.

Nanga yangu ni jiwe. Linatosha? (Msomaji wa Ukerewe)

Halitoshi, kwa kuwa jiwe hushikilia kwa uzito wake tu na uzito huo hupungua likiwa majini, wakati nanga ya chuma hujichimbia. Dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku wa manane hadi alfajiri, mkiwa mmelala. Kamba iwe mara tano hadi saba ya kina: penye mita 5, toa mita 25 hadi 35, na kipande cha mnyororo kitangulie kamba ili nanga ilale chini.