Nenda wiki ile ambayo saa yetu haidanganyi

Wiki hii mmeuliza: mji gani wa ugenini ungemshauri msomaji mwenzako autembelee, na aende mwezi gani? Najua majibu mtakayopokea. Dubai, Istanbul, na Guangzhou kwa wenye maduka. Mimi nasema Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin huko Marekani, na aende kati ya tarehe 20 na 25 Septemba. Akitaka kujua lipi lina uzito zaidi, mji au tarehe, nitamwambia tarehe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Kwa miaka 29 nilifundisha jiografia, na kila mwaka nilichora ubaoni dunia iliyoinama, jua kando yake, nikaandika kwa chaki ya rangi: Machi 21 na Septemba 23, ikwinoksi, usiku na mchana hulingana. Watoto walinakili. Hakuna aliyeshangaa, maana sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta na kwetu usiku na mchana hulingana mwaka mzima, hatungoji tarehe. Kuna mtoto wa dawati la nyuma aliwahi kuniuliza, "Kwani mwalimu, siku nyingine havilingani?" Nilimjibu kwa maneno ya kitabu. Kwa macho nilikuwa sijaona.

Aliyenionyesha ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Anasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, chuo kilichoanzishwa mwaka 1848, na kujipatia ridhiki anasaidia kufundisha darasa la Kiswahili. Kabla sijasafiri alinipigia simu kunieleza shida ya wanafunzi wake. Nikadhani ni ngeli. "Ngeli wanazikariri, anko. Kinachowashinda ni saa."

Anawaeleza vizuri kabisa: Mswahili anaanza kuhesabu mchana jua linapochomoza, saa ya kwanza ikitimia ndiyo saa moja. Wanaelewa, wanafurahi. Kisha inafika Desemba. Mwanafunzi anaamka saa moja asubuhi, nje giza, jua bado dakika ishirini na kitu litoke. Ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mwezi Juni ndiyo vituko zaidi: saa mbili na nusu usiku, jua bado liko juu ya miti. Mtoto wa watu anatazama daftari, anatazama dirisha, anaona mwalimu kamdanganya. Ndipo mpwa wangu akaniambia nije Septemba, siku ile niliyokuwa nikiichora ubaoni, nije nimsaidie kuwaambia kwamba Waswahili si waongo.

Nilifika kwa basi kutoka Chicago, safari ya kama saa tatu katikati ya mashamba ya mahindi yaliyoanza kukauka. Mji wenyewe umejengwa juu ya shingo ya nchi. Hilo neno nimelifundisha pia, nikitoa mifano ya Panama na Suez, lakini sikuwahi kusimama juu ya shingo ya nchi ambayo mzee mwenye goti bovu anaweza kuivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Upande mmoja Ziwa Mendota, upande wa pili Ziwa Monona, katikati jengo la bunge la jimbo lenye kuba la mawe meupe. Mpwa wangu aliponiambia "twende ziwani, anko," nikaangua kicheko. Mendota ina kilomita za mraba kama 40. Ziwa letu lina zaidi ya 68,000. Nilimwambia kwetu hilo lingeitwa bwawa na lingepewa mwenyekiti wa kijiji alisimamie. Baadaye niliyarudisha maneno hayo mdomoni mwangu.

Siku yenyewe tulitoka gizani tukaenda upande wa Monona. Pale kuna ukumbi mkubwa wa mikutano wenye sakafu ya wazi juu ya maji. Msanifu majengo maarufu wa Kimarekani, Frank Lloyd Wright, aliuchora mara ya kwanza mwaka 1938, wakabishana miaka na miaka, yeye akafariki mwaka 1959, ukaja kufunguliwa 1997. (Tunaolalamikia miradi ya kwetu tuvute pumzi kidogo.) Tukasimama na koti. Baridi ilikuwa ile ya Njombe asubuhi. Jua likachomoza kutoka mashariki kamili, saa moja kasoro robo hivi. Mwanza siku hiyohiyo lilikuwa limechomoza karibu na saa hiyohiyo kwa saa za kwetu, tofauti dakika chache tu. Nikampigia mama watoto, kwake ikiwa saa tisa kasoro robo mchana. Akaniuliza huko saa ngapi. Nikamjibu "saa moja inaingia, jua ndio linatoka," bila kufikiri, kama ninayempigia kutoka Sengerema.

Jioni tukavuka shingo ya nchi tukaenda Mendota. Nyuma ya jengo la wanafunzi kuna uwanja wa ngazi za mawe unaoteremka mpaka majini, umejaa viti vya chuma vya kijani, manjano na rangi ya machungwa. Mgongo wa kila kiti umekunjwa kwa umbo la jua na miale yake. Kila mtu kakitazamisha kiti chake ziwani: wanafunzi wenye kompyuta, wazee wenye bia, mama ananyonyesha. Hapa ndipo nilipoyarudisha maneno yangu kuhusu bwawa. Mwanza tumejaliwa ziwa la pili duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi, lakini hesabu viti vya bure vinavyolitazama. Ufukwe wetu ni wa hoteli, wa bandari, wa mwalo, au una ukuta wa mtu.

Wanafunzi wa mpwa wangu walikuja saba. Walinipa "shikamoo" ya pamoja kama kwaya. Nikawaambia wafunge simu. Jua likashuka upande wa kushoto, nyuma ya miti ya ufukweni, na lilipomezwa nikawauliza saa. Binti mmoja akafungua simu yake: saa moja kasoro dakika tano. Akatulia. Kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Kwa hiyo leo, sisi na Mwanza, sawa." Miaka yangu 29 ya chaki, na aliyeielewa ikwinoksi kuliko wote ni mtoto wa mfugaji wa Wisconsin.

Wiki hiyo ina faida nyingine za kawaida. Mchana joto linafika kama nyuzi 22. Wanafunzi ndio wamerudi, mji umechangamka, na bado hawajaanza kukimbizana na mitihani. Wanaofuata majani mekundu watakwambia ungoje katikati ya Oktoba, na picha zao ni nzuri, sikatai. Septemba utakuta mti mmoja mmoja umetangulia kuwa mwekundu, kama yule mtoto anayefika shuleni kabla ya mwenye funguo.

Jumamosi nenda sokoni asubuhi. Wakulima wanapanga meza kulizunguka bunge, na watu wote wanatembea upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, ole wako ugeuke. Sharti la soko ni kwamba muuzaji auze alichokizalisha mwenyewe, hakuna mlanguzi. Nilikuta wakulima wa Kihmong, watu waliotoka Laos kama wakimbizi baada ya vita, wakiuza majani ya maboga yaliyofungwa mafungu. Nilinunua mafungu mawili nikapika kwa karanga. Na usiondoke bila kuonja jibini changa ya vipande, ile iliyogandishwa siku hiyohiyo. Ukiitafuna inalia kwenye meno kama ndala iliyolowa. Ikifika kesho yake imenyamaza, kwa hiyo usinunue ya kubeba.

Onyo moja. Tazama ratiba ya mpira kabla hujapanga chumba, maana bei hupanda vibaya. Mimi nililala kwa mpwa wangu, juu ya godoro la kujaza upepo lililoishiwa upepo saa nane usiku. Ni mpira wao wa Kimarekani, unaoshikwa mkononi. Uwanja wa Camp Randall unaingiza zaidi ya watu 75,000, kuliko Uwanja wa Mkapa, katika mji wenye wakazi kama 270,000. Na rangi zao ni nyekundu na nyeupe. Mimi ni Yanga toka tumboni. Nilivishwa fulana nyekundu nikapita mitaani nimezungukwa na maelfu ya watu wekundu, nikimshukuru Mungu kwamba hakuna wa Mwanza anayeniona. Robo ya tatu ilipokwisha wimbo ukapigwa, wakaanza kuruka wote, na zege likatikisika chini ya miguu yangu. Mpira wenyewe sikuuelewa.

Ziwa nililielewa. Maji yalikuwa na rangi ya kijani karibu na kingo, na sikuhitaji kutafsiriwa. Mbolea na samadi za mashamba ya ng'ombe wa maziwa huteremka na mvua, fosforasi inalisha mwani, mwani unalifanya ziwa kuwa uji. Sisi nasi tuna wetu, pamoja na magugumaji. Tofauti ni kwamba wao wanalipima. Profesa Edward Birge na mwenzake Chancey Juday waliliteremshia vipimo Mendota zaidi ya miaka mia iliyopita, wakawa waanzilishi wa elimu ya maziwa Amerika ya Kaskazini, na maabara ya kazi hiyo bado iko pale ukingoni mwa maji. Tarehe ambayo ziwa linaganda na tarehe ambayo barafu inaachia zimeandikwa tangu miaka ya 1850. Kipimo chao ni cha kivuvi kabisa: je, mashua inaweza kupigwa kasia kutoka rasi moja mpaka ng'ambo? Inasimuliwa kwamba asili yake ni kreti ya bia iliyokuwa ikivushwa kwa mashua. Barafu ikizuia bia, ziwa limefunga.

Mwaka 2021 waliopoa humo mtumbwi wa mti mmoja wenye miaka 1,200, na ndani yake mawe saba ya kuzamishia wavu. Ni kazi ya mababu wa Waho-Chunk, wenyeji wa pale, wanaopaita Teejop, maana yake maziwa manne. Baba yangu alikuwa mvuvi. Mawe yake ya wavu aliyachagua mwenyewe, na aliyajua moja moja. Nilikaa kwenye kiti changu cha manjano nikawaza mtu yule aliyepoteza mawe saba kwa siku moja, na alivyojieleza alipofika nyumbani.

Desemba mpwa wangu alinitumia picha kutoka kwenye ngazi zilezile. Viti vimeshaondolewa, taa zinawaka, anga nyeusi. Chini yake kaandika: "Anko, hii ni saa kumi na moja kasoro dakika chache. Niwafundishe ni jioni au usiku?" Nilizunguka na simu siku mbili sina jibu. Mke wangu, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyeisoma akanirudishia. "Jua si limezama? Basi hapo ni magharibi. Hayo ya saa ni yenu walimu."